Nyumba ya mawe, swichi za shaba na nyaya za kufichwa: uchambuzi wa kisa cha Mji Mkongwe

Usuli

Nyumba hii, iliyofungiwa taa, viyoyozi na vifaa vingine vinavyoendeshwa kwa mtandao, iko Mji Mkongwe, Zanzibar. Ina ghorofa mbili juu ya ile ya chini, imezunguka ua mdogo ulio wazi juu, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa sentimita 50 mpaka 60. Majina, mtaa na kila kinachoweza kuitambulisha familia vimeondolewa. Vipimo, vifaa na mpangilio wa kazi vimeachwa kama vilivyokuwa.

Vyumba ni virefu na vyembamba. Upana hauzidi mita tatu, kwa kuwa dari imebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba. Sebule ya ghorofa ya kwanza ina vidaka (vishubaka vya ukutani) 14 vilivyopangwa kwa safu mbili ukutani, kila kimoja kina kina cha sentimita 20 hivi. Mlango wa mbele ni wa nakshi, wa mabawa mawili na mfaa, yaani mwimo wa katikati yanapokutana. Umeme uliingizwa miaka mingi nyuma kwa nyaya zilizopigiliwa juu ya lipu. Kwenye kila swichi zilikuwapo nyaya mbili tu: wa moto unaoingia na ule unaokwenda kwenye taa. Nyutro, waya wa kurudishia umeme, haikufika kwenye swichi hata moja, na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, vivyo hivyo. Hali hiyo iliongoza karibu nusu ya maamuzi yaliyofuata. Asiyeikagua mapema hununua vifaa visivyoweza kufungwa.

Anayeishi humo ni Bi Mkubwa wa familia, pamoja na mjukuu wake na dada wa kazi. Aliyegharamia ni mwanawe anayefanya kazi Muscat. Yeye alitaka taa, viyoyozi na mlango viendeshwe kwa simu, na aweze kujua hali ya nyumba akiwa mbali. Mama alimpa fundi wa umeme masharti yake siku ya kwanza: "Mwanangu, mimi taa nataka niiwashe kwa mkono wangu. Na ukuta huu marehemu baba aliutunza, usije ukaniharibia." Mbunifu wa mambo ya ndani naye alikuwa na lake: jicho la mgeni likutane na chokaa, mninga na shaba, lisikutane na plastiki nyeupe wala vitaa vya buluu vinavyowakawaka usiku.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na ukarabati wa nyumba zake husimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kwa hiyo tangu mwanzo ilikubaliwa kwamba uso wa nyumba unaotazama njia hauguswi. Sehemu za nje za viyoyozi zilipelekwa juu, upande wa ua.

Yaliyokatwa kwenye orodha kabla ya kununua

Orodha ya kwanza ilikuwa ndefu. Kamera za ndani zilikatwa kwa sababu ya stara: wanawake wa nyumba wanakaa sebuleni na uani bila kujifunika, na picha zingehifadhiwa kwenye seva ya kampuni isiyojulikana iko wapi. Ikabaki kamera moja ya mlangoni, ikaelekezwa chini ione kizingiti na baraza tu, maana dirisha la jirani liko mita mbili na ushei kutoka hapo. Mwana aliyeko Muscat alipewa badala yake kitambuzi cha kufunguka mlango, kitambuzi cha maji sakafuni chini ya tangi, na kipimo cha umeme kwenye bodi kuu. Vitatu hivyo vinamjibu swali lake la kweli: mama yu salama, na nyumba haijapatwa na jambo?

Spika za kupokea amri kwa sauti zilikatwa pia. Zile zilizopatikana wakati huo hazikupokea amri kwa Kiswahili, na Bi Mkubwa hana haja ya kujifunza Kiingereza ili azime taa yake. Mapazia ya mota hayakujadiliwa sana: madirisha yana mabawa ya mbao yenye vipande vya mlalo vinavyoingiza upepo na kuzuia jua, na hakuna pazia litakalofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kitasa cha umeme kwenye mlango wa nakshi kilikataliwa na wote. Kukifunga kungemaanisha kutoboa ubao wa kale, na mfaa usingeacha nafasi ya ulimi wa kitasa. Kitasa kilifungwa kwenye mlango wa pili, wa mninga mtupu wenye unene wa milimita 45, ulioko ndani ya ukumbi wa kuingilia. Kinatumia betri nne za AA, kina tundu la ufunguo wa kawaida, na kutoka ndani kinafunguka kwa mkono hata betri zikiisha.

Mfuatano wa kazi

Kazi ilianza na umeme. Bodi mpya iliwekwa kwenye stoo iliyo chini ya ngazi, ikiwa na fimbo mpya ya ethi, breka inayokata umeme ukivuja kwa miliampia 30, na kizuizi cha aina ya 2 cha umeme unaopanda ghafla. Taa zilitengewa nyaya za milimita mraba 1.5, soketi 2.5. Kila boksi la swichi lilivutiwa nyutro na ethi, isipokuwa kwenye ngazi.

Hapa inafaa kueleza kwa nini nyutro ilistahili gharama yake. Zipo rilei janja (swichi ndogo za ndani zinazowasha na kuzima kwa amri ya mtandao) zinazofanya kazi bila nyutro, lakini hujipatia umeme wake kwa kupitisha mkondo mdogo ndani ya taa yenyewe. Taa ya LED ya wati chache huutumia mkondo huo kumeremeta hata ikiwa imezimwa, na dawa yake ni kufunga kapasita, kipande kidogo kinachoumeza mkondo huo, kwenye taa. La pili ni zito zaidi kwa nyumba ya mawe: rilei nyingi za namna hiyo hazipokezani mawimbi na wenzake. Kuta za nusu mita hufyonza mawimbi ya redio, kwa hiyo mtandao wa Zigbee, redio ya nguvu ndogo ambayo vifaa hivi huzungumza nayo, unahitaji kila rilei ipokee mawimbi na kuyapitisha kwa inayofuata, chumba kwa chumba. Rilei yenye nyutro hufanya hivyo.

Mifereji ya nyaya ilichimbwa wima tu, ndani ya unene wa lipu, bila kukata jiwe. Lipu ya humo ina milimita 25 mpaka 30, na bomba la plastiki la milimita 20 linakaa bila kuchungulia. Njia za mlalo zilipitishwa juu, kwenye pembe ya boriti na ukuta, nyuma ya ubao mwembamba uliopakwa rangi ya boriti. Nyaya za umeme na zile za mtandao zilitenganishwa, kila moja na bomba lake. Mifereji ikazibwa kwa chokaa sehemu moja na mchanga sehemu tatu, bila saruji. Ukuta wa aina hii unapumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea kwenye uso na kukauka. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hujikusanya nyuma yake, chumvi huganda, na baada ya misimu kadhaa ya mvua lipu hubanduka pamoja na boksi la swichi.

Mtandao ulijengwa kwa waya. Kebo ya mtandao ya Cat6 ilipanda kila ghorofa na kuishia kwenye kituo kimoja cha Wi-Fi, vitatu kwa jumla, vyote vikipata umeme kupitia kebo hiyohiyo kutoka stoo. Kuweka ruta moja yenye antena nyingi sebuleni ni kupoteza fedha. Mawimbi ya 5 GHz hayavuki ukuta mmoja wa namna hii yakabaki na nguvu ya maana. Kituo cha sebuleni kiliingizwa kwenye kidaka cha juu, kikafunikwa kwa ubao wa mninga wa milimita 9 uliotobolewa kwa nakshi, ukaachwa uwazi wa sentimita tano juu ili joto litoke. Mbunifu alitaka kwanza bamba la shaba lililotobolewa. Fundi alikataa, na alikuwa sahihi: mbao hupitisha mawimbi, shaba huyarudisha.

Kidhibiti kikuu ni kompyuta ndogo yenye Home Assistant, programu huria inayoendesha kila kitu ndani ya nyumba bila kutegemea seva ya nje. Kipokezi cha Zigbee kiliunganishwa kwa kebo ya USB ya mita moja, mbali na mashine, kwa kuwa bandari za USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz. Wi-Fi iliwekwa kwenye chaneli 1, 6 na 11, moja kwa kila ghorofa, Zigbee kwenye chaneli 25, ili zisikanyagane.

Vyote vya stoo vinakula wati 48: kidhibiti 8, kifaa cha intaneti ya faiba 10, swichi ya mtandao pamoja na vituo vitatu 30. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,280. Ukitumia asilimia 80 na kutoa upotevu wa inveta, zinabaki kama 870, yaani saa 18 za kuendesha mtandao umeme ukikatika. Hicho kilitosha. Kuziwekea taa zote betri kungekula stoo nzima.

Swichi: uamuzi uliochukua muda mrefu kuliko yote

Njia tatu zilipimwa. Balbu janja zilikataliwa kwa sababu mtu akizima ukutani, balbu inakufa na kidhibiti hakiioni tena. Isitoshe, taa za sebuleni ni kandili za shaba, na redio ya balbu ingefungiwa humo humo. Swichi za kioo za kugusa zilikataliwa na mbunifu kwa sura yake, na fundi akaunga mkono kwa sababu ya unyevu na vidole vilivyoloa. Ikabaki rilei ndogo inayokaa nyuma ya swichi ya kawaida. Kidhibiti kikizimika, swichi bado inawasha taa, na uso wa swichi unaweza kuwa wa aina yoyote anayoitaka mwenye nyumba.

Mbunifu alichagua mabamba ya shaba ya milimita mbili yenye vijiti vya kupandisha na kushusha, vya mtindo wa zamani. Mfua shaba wa mjini aliyatengeneza 22, kazi safi sana. Fundi alifunga maboksi ya chuma yenye kina cha milimita 35, kwa sababu ndiyo yaliyokuwapo dukani. Rilei zote zilijaribiwa kabla ya kufunika na zikajibu. Siku mabamba yalipofungwa, rilei tisa zilipotea kwenye mtandao, na nyingine zikawa zinajibu kwa kuchelewa sekunde kadhaa.

Sababu ilijulikana kwa kufungua bamba moja tu: rilei ikarudi papo hapo. Boksi la chuma nyuma, shaba mbele, na kati yake redio ndogo isiyo na pa kutokea. Kuongeza vipokezi kusingesaidia. Tatizo lilikuwa kwenye boksi lenyewe. Dawa kamili ilikuwa kubadili maboksi yawe ya plastiki ya kina cha milimita 47, lakini lipu ilikwisha pigwa, na kuchimbua ukuta mara ya pili kulikuwa kinyume cha ahadi aliyopewa Bi Mkubwa.

Suluhisho lilitoka kwa seremala. Mabamba yakatengenezwa upya kwa mninga wa milimita 15, nyuma yakachongwa bonde la milimita nane, na mbele yakazungushiwa utepe wa shaba wa milimita tatu. Vijiti vya shaba vikabaki. Redio ikapata mlango wa mbele, na bonde likaongeza nafasi ambayo boksi la milimita 35 lilikuwa halina: nyaya sasa zinakunjwa bila kubana rilei. Mambo mawili ya usalama hayakuachwa. Ubao ni kifuniko tu. Viungo vya umeme vimefungwa kwenye fremu ya plastiki isiyoshika moto iliyo ndani, ubao usiguse waya. Na kila kijiti cha shaba kimeunganishwa na ethi, pamoja na boksi lenyewe. Skrubu zote ni za chuma cha pua daraja la 316, na ncha za nyaya zimevikwa feruli, vifuniko vidogo vya kubana nyuzi za waya, kwa sababu hewa ya chumvi huanza kula pale waya unapokutana na skrubu. Midomo ya mabomba imezibwa. Sisimizi hupenda sana maboksi yenye joto.

Kwenye ngazi hapakuchimbwa kitu. Mwashi aligonga ukuta, akasikia mawe yamelegea, akasema hapana. Rilei tatu za huko zilipandishwa kwenye taa zenyewe, ambako nyutro ipo, na ukutani vikabandikwa vitufe visivyo na waya vyenye betri ya CR2032, ndani ya mabamba ya mninga yaleyale. Mgeni haoni tofauti.

Mwanga na makovu ya ukuta

Mbunifu alitaka ukuta wa vidaka uoshwe kwa mwanga kutoka juu. Ni wazo zuri: lipu ya chokaa iliyopigwa kwa mkono ina mabonde madogo, na mwanga unaoteremka sambamba na ukuta huyaonyesha. Mkanda wa LED wa volti 24, wati 9.6 kwa mita, ulifichwa nyuma ya ubao wa juu, milimita 40 kutoka ukutani. Ukuta wa mita sita unahitaji wati 58, kwa hiyo draiva, kifaa kinachoulisha mkanda umeme, ilikuwa ya wati 75, isifanye kazi kwenye kikomo chake. Umeme uliingizwa ncha zote mbili. Ukiingiza upande mmoja, zaidi ya mita tano mwisho wa mkanda unafifia. Rangi ya mwanga ni 2700 K, yaani ya manjano, yenye uaminifu wa rangi juu ya 90 kati ya 100. Kwa 4000 K, mwanga mweupe zaidi, chokaa nyeupe huonekana kama duka la dawa na mninga hupoteza wekundu wake.

Taa zilipowashwa mara ya kwanza, ukuta ulionyesha pia kila mfereji wa waya. Kiraka cha chokaa kilichopigwa juu ya mfereji wa sentimita tano hakilingani na lipu ya zamani kwa mkono wala kwa punje ya mchanga. Mchana kilikuwa hakionekani kabisa. Chini ya mwanga ule ilikuwa mistari minne ya wima kutoka dari hadi swichi.

Mwashi hakufanya kosa la kazi. Hakuoneshwa mchoro wa taa. Angejua mwanga unateremka wapi, angepiga lipu paneli nzima kutoka kona hadi kona ya ukuta, au mifereji ingehamishiwa ukuta wa pili usiooshwa. Marekebisho yalifanywa kwa njia mbili. Ukuta wa vidaka ulipigwa tabaka jembamba jipya la chokaa, kwa upana wote, ukanyunyiziwa maji kila siku mpaka ukomae. Kwenye ukumbi, mkanda ulisogezwa kutoka milimita 40 hadi 120 mbali na ukuta, pembe ya mwanga ikapoa na mistari ikamezwa. Reli za aluminiamu za mikanda ziliondolewa kwanza, zikarudishwa lipu ilipokauka, maana chokaa mbichi hula aluminiamu.

Mengine yaliyojitokeza baada ya kuhamia

Usiku mmoja umeme ulirudi alfajiri na taa za nyumba nzima zikawaka kwa nguvu zote. Rilei zilikuwa na mpangilio wa kiwandani wa kuwaka kila umeme unaporudi. Kila moja ilibadilishwa irudi kama ilivyokuwa kabla ya umeme kukatika. Hii ni kazi ya dakika chache ambayo inafaa kuwa kwenye orodha ya makabidhiano.

Taa za ukumbi ziliwekewa saa na mwana kutoka Muscat, zikawa zinawaka saa moja kabla. Programu ilifuata saa ya simu yake, na Oman iko mbele ya Zanzibar kwa saa moja. Ratiba zote zikahamishiwa kwenye kidhibiti kilichopo nyumbani na kufungwa na kuchwa kwa jua. Kwa nyumba ya Waislamu inafaa zaidi: ukumbi unawaka Maghribi inapoingia, mwaka mzima, bila mtu kurekebisha.

Vitambuzi vya mwendo vilisumbua kwa njia mbili tofauti. Vile vinavyotazama joto la mwili vilizubaa kwenye mchana wa Januari, kwa sababu ukuta na mtu vilikaribia kuwa na joto moja, na usiku mijusi ilipotambaa juu ya lenzi vilishtuka. Vikabadilishwa kwa vile vya rada. Hivi navyo viliona feni ya dari inazunguka vikadhani kuna mtu, taa zikakesha. Mwisho vilishushwa hadi mita moja na nusu kutoka sakafuni, vikatazamishwa mlangoni, na umbali wa kuona ukapunguzwa usifike kwenye feni. Feni zenyewe zilifungiwa vidhibiti vya feni vyenye kapasita. Dima, kifaa cha kupunguza mwanga wa taa, haifai kwa mota ya feni. Inavuma na kupata moto.

Kiyoyozi cha chumba cha Bi Mkubwa kilifunikwa kwa kasha la mbao lenye nakshi, na kikawa kinazima baada ya dakika chache huku chumba kikiwa bado na joto. Hewa baridi ilikuwa inagonga ubao, inarudi ndani ya kasha na kuingia tena kwenye mashine, nayo ikapima hewa hiyo na kuamini chumba kimepoa. Upande wa chini wa kasha uliondolewa wote, juu pakaachwa sentimita 15, na kipimajoto cha Zigbee kikawekwa karibu na kitanda ili kiongoze badala ya kile cha ndani ya mashine. Kifaa kinachorusha mawimbi ya rimoti nacho kilikuwa kimefichwa nyuma ya ubao. Mawimbi hayo ni mwanga, hayapiti kwenye mbao. Kijicho chake kilivutwa kwa waya mwembamba na kubandikwa ubavuni mwa kiyoyozi.

Kioo kikubwa cha ukutani kilitundikwa mbele ya kidaka chenye kituo cha Wi-Fi cha ghorofa ya pili, na mtandao wa chumba ukafa. Mgongo wa kioo una tabaka la metali. Kilihamishiwa ukuta wa pili.

Matokeo

Baada ya masika moja na vuli moja, rilei zote zinajibu, na lipu iliyotengenezwa kwa chokaa haijabanduka popote. Bi Mkubwa anatumia swichi kama alivyozoea. Kitu kimoja kipya alichokipokea ni kitufe cha kando ya kitanda: akikibonyeza taa zote zinazima isipokuwa za ngazi, zinazobaki zikiwaka mpaka alfajiri ili anayeamka kwenda msalani au kutawadha asijikwae. Mwana aliacha kufungua programu kila saa. Anapata ujumbe pale tu umeme unapokatika kwa zaidi ya nusu saa, maji yanapomwagika, au mlango unapobaki wazi. Kandili zinapepesa zikishushwa chini ya asilimia 15, kwa kuwa mzigo wa LED ni mdogo mno kwa dima, hivyo kiwango cha chini kiliwekwa asilimia 20.

Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni uamuzi wa kutoifanya simu kuwa swichi. Nyumba ina watu watatu wa umri tofauti na wageni wa mara kwa mara, na kila mmoja anaweza kuiendesha bila kufundishwa. Pia ndiyo iliyomwachia mbunifu uhuru: kwa kuwa akili ya swichi iko nyuma, uso wake ukabaki mikononi mwa seremala na mfua shaba.

Kuendesha kila kitu ndani ya nyumba kulilipa mapema. Intaneti ilikatika mara kadhaa na hakuna aliyejua isipokuwa mjukuu.

Hasara kubwa zilikuwa mbili, mabamba ya shaba na makovu ya ukuta, na zote zina mzizi mmoja: kila fundi alifanya kazi yake vizuri bila kuiona ya mwenzake. Fundi wa umeme alinunua maboksi kabla ya kujua bamba ni la nini. Mwashi aliziba mifereji kabla ya kujua mwanga unatoka wapi. Katika ukuta wa chokaa hakuna kurudi nyuma kwa bei nafuu. Lililopasa kufanyika ni boksi moja la mfano, likamilishwe lote: boksi, rilei, nyaya, swichi, bamba lenyewe la mwisho, lipu na mwanga wa usiku juu yake, kisha liachwe wiki nzima likitumika kabla ya kuagiza mengine 21. Gharama ya mfano huo ni ndogo kuliko mabamba ya shaba 22 yaliyokwenda kuwa vibao vya namba za vyumba na vishikio vya funguo.

Mchoro wa taa nao unapaswa kumfikia mwashi wakati ukuta bado uko wazi, ukiwa na alama mbili tu: wapi mwanga unateremka, na wapi mfereji hauruhusiwi. Hahitaji zaidi ya hapo.

Kwenye kuficha vifaa, kanuni iliyojitokeza humu ni kuuliza kifaa kinazungumza kwa nini. Kinachozungumza kwa redio kinaweza kukaa nyuma ya mbao, kitambaa au lipu nyembamba, lakini si nyuma ya shaba wala kioo cha kujitazamia. Kinachozungumza kwa mwanga lazima kione. Kinachopima joto au kupuliza hewa lazima kipate hewa ya chumba. Kasha la kiyoyozi, kijicho cha rimoti na kioo cha ghorofa ya pili yangeepukika kama swali hilo lingeulizwa kabla ya seremala kuanza kuchonga.

Kumbukumbu za kazi ziliachwa ndani ya nyumba, si kwenye simu ya fundi. Kila ukuta ulipigwa picha kabla ya lipu, futi kamba ikiwa imetandazwa kutoka kwenye fremu ya mlango, ili atakayetaka kutundika picha ajue bomba liko wapi. Stooni kuna rilei tatu za akiba, draiva moja, betri za vitufe, na mabamba mawili ya mninga yasiyotobolewa. Yamekatwa kwenye ubao uleule wa mengine, kwa sababu mninga hubadilika rangi kadiri unavyokaa, na bamba la ubao mwingine lingeonekana geni ukutani.